Skafu yangu ya milia inapinda kama ndizi, nimekosea wapi?

#1 Binti_Makete
Wakuu, habari za jioni. Nimekwama, naomba msaada wa wanaofuma.

Nina oda ya skafu ya milia, nyekundu na nyeupe. Pateni (maelekezo ya kufuma) niliyopewa na binamu yangu inasema: anzisha vitanzi 44, fuma pleni tupu, yaani kitanzi cha kawaida, kwenda na kurudi, badili rangi kila baada ya safu 2. Nikaona milia myembamba hivyo inaumiza macho, nikaibadili. Nyekundu nikaiacha safu 2, nyeupe nikaipa safu 6. Rangi isiyo zamuni siikati, naipandisha pembeni, ukingo wa kulia, mpaka ihitajike tena. Uzi ni akriliki wa unene wa kati, sindano namba 8.

Leo nimefika mlia mwekundu wa 70, nikaitandaza kitandani nijipongeze. Imepinda! Ukingo wa kushoto una sentimita 143, wa kulia 131. Vitanzi nimehesabu mara tatu: mwanzo 44, mwisho 44, kwa hiyo msiniambie nimedondosha.

Safu 560 mara vitanzi 44 ni 24,640. Anayekuja kuniambia "fumua tu" aanze na pole.

#2 Mnyama_Damu
Nyekundu na nyeupe? Huyo mteja ana akili timamu. Weka picha.

#3 Jangwani_Kwetu
Imepinda kwa sababu ni ya Simba. Fuma ya kijani na njano uone inavyonyooka yenyewe.

#4 FundiSweta
Pole. Sasa tuongee.

Tatizo ni huo uzi unaoupandisha. Uzi mwekundu unasubiri safu 6 nyeupe zipite, halafu unaruka zote sita kwa mruko mmoja. Ukiuvuta kidogo tu ili kitanzi cha kwanza kisilegee (na wote tunavuta, mkono hauaminiki), huo mruko unakuwa mfupi kuliko kitambaa kilicho kando yake. Mara 70. Ni sawa na kupitisha kamba ya suruali upande mmoja ukaikaza.

Pateni yako ya mwanzo isingekuonyesha hili sana, kwa sababu kila rangi ilikuwa inaruka safu 2 tu. Ulipobadili milia ulibadili na urefu wa mruko, ila mkono ukabaki na mazoea yale yale.

Geuza skafu uangalie ukingo wa kulia. Nyuzi nyekundu zimelala au zimekaza?

#5 MamaPacha
Mbona mnamtisha dada wa watu. Tandaza juu ya meza, funika na kitambaa kibichi, piga pasi huku unavuta ule upande mfupi. Dakika kumi imenyooka. Mama yangu alikuwa anafanya hivyo kwa pasi ya mkaa.

#6 Kitanzi_Kimoja
Binti, kabla hujawasha pasi soma hapa kwanza. @MamaPacha mama yako bila shaka alikuwa anafuma kwa sufu. Sufu ya kondoo ukiilowesha na kuitandaza inashika umbo unaloipa. Akriliki ni jamii ya plastiki. Mvuke wa mbali inauvumilia, lakini ikiguswa na pasi ya moto inalegea na hairudi tena, hata ukiifua mara mia.

Mimi niliua sweta ya mtoto hivyo. Mbavu za kiunoni zilizokuwa zinabana vizuri zikalala kama mlenda. Mtoto akawa anaivaa inaning'inia kama mfuko wa rambo. Mpaka leo ipo kabatini, nimeiweka iwe fundisho.

#7 MamaPacha
Haya, nimeelimika. Lakini ile ya mama ilinyooka.

#8 MzeeWaSpoku
Vijana salaam. Sisi kufuma tulifundishwa shuleni enzi za sayansi kimu, na sindano zilikuwa spoku za baiskeli. Unaikata, unaisugua kwenye jiwe mpaka isikwaruze, unafunga nyuma kwa kipande cha ndala ili vitanzi visichomoke. Mwalimu alikuwa anapima kila mtu kama spoku zake ni pacha, kwa sababu kuna waliochanganya spoku na kijiti cha mwavuli, na kazi yao ikawa haieleweki.

Swali langu kwa binti: sindano zako zote mbili zinalingana? Pima.

#9 Binti_Makete
Asanteni wote, nimecheka na ndala.

@FundiSweta nimegeuza. Nyuzi nyekundu zimekaza kiasi, si zote. Kuna sehemu nikiingiza kidole zinaachia, kuna sehemu kidole hakipiti.

@MzeeWaSpoku umeniumbua shikamoo. Nimepima kwa rula: moja milimita 4, nyingine 4.5. Nilinunua pea mbili siku moja, naona zilichanganyika kwenye kikapu.

#10 MzeeWaSpoku
Marahaba. Basi jibu hilo hapo. Funga uzi.

#11 FundiSweta
Mzee kwa heshima zote, hapana. Sindano zisipolingana, safu za kwenda zinakuwa kubwa na za kurudi zinakuwa ndogo, au kinyume chake. Lakini kila safu inatoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa sindano ile ile. Kitambaa kinaweza kuonekana na mawimbi, lakini hakina sababu ya kupindia upande mmoja.

#12 MzeeWaSpoku
Mwalimu wetu alisema kitapinda.

#13 FundiSweta
Mwalimu wenu alitaka mkate spoku sawa.

#14 Mnyama_Damu
😂😂😂 nipo pale nimekaa

#15 Baridi_ya_Kinangop
Hamjambo kutoka Kenya. Huku Kinangop mwezi wa saba bila skafu hutoki nje, kwa hivyo nimefuma nyingi sana. Mimi naona shida ni nyuzi zenyewe. Uzi mwekundu na mweupe ni wa kampuni moja? Kuna wakati lebo zote zinasema unene mmoja lakini ukizishika kwa vidole moja ni nene kuliko ingine. Nyekundu ikiwa nyembamba inavuta. Pia nyekundu angalia isichuje kwa nyeupe ukiosha.

#16 Kitanzi_Kimoja
Hilo la unene linaweza kufanya mlia mmoja uwe mpana na mwingine mwembamba, ila kama #11 alivyosema kuhusu sindano, mlia unavuka skafu nzima. Ukibana, unabana kushoto na kulia.

Kuhusu kuchuja, akriliki nyekundu mara nyingi haina shida hiyo. Ila asijaribu kwa skafu ya mteja. Afue kipande cha uzi na kitambaa cheupe kwenye bakuli kwanza.

#17 Sindano_na_Chai
Weka chumvi na siki, rangi inashika.

#18 Kitanzi_Kimoja
Chumvi na siki zina kazi yake wakati wa kutia rangi, kutegemea uzi wenyewe ni wa aina gani. Uzi ulioshatoka dukani umetiwa rangi ukiuloweka kwenye siki unapata skafu inayonukia kachumbari.

#19 Mtu_wa_Leicester
Nimechelewa, huku tulikuwa kazini. Nina jambo ambalo hamjaligusa: "namba 8" ya wapi?

Vitabu na sindano za zamani za Kiingereza, ambazo ndizo zilizofika kwetu, zina namba zinazokwenda kinyume. Namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba. Namba 8 ya Uingereza ni milimita 4. Marekani wao namba ikiwa kubwa sindano ni nene, na namba 8 yao ni milimita 5. Binamu yako alikupa pateni ya wapi?

#20 Binti_Makete
Binamu yupo Ohio, Marekani.

Na sasa nakumbuka! Pateni inasema upana utoke sentimita 24. Wangu umetoka 20. Nilidhani mkono wangu ndio mdogo.

#21 Mtu_wa_Leicester
Basi upana umepata jibu. Akriliki ya unene wa kati kwa milimita 4 inatoa vitanzi kama 22 kwa kila sentimita 10, na 44 ndiyo 20 yako. Kwa milimita 5 wengi wanapata kama 18, na 44 inakaribia 24 na ushee. Kupinda sijui, lakini kitambaa kilichofumwa kwa sindano nyembamba kuliko pateni kinakuwa kigumu, na kigumu kikivutwa pembeni hakina pa kulegea.

Siku nyingine andikeni milimita. Namba ziacheni kwa viatu.

#22 Kijana_Muhehe
Mimi ni mwanaume na nafuma, najua mtasema. Nafuma nikiwa zamu ya usiku, ulinzi. Kofia za watoto naziuza asubuhi stendi.

Nilipata ugonjwa huu huu wa kupinda. Kwangu ilikuwa uzi uliosokotwa sana, wa unyuzi mmoja tu. Ukiuning'iniza unajisokota wenyewe kama nyoka. Kitambaa chote kikaenda mshazari.

#23 Jangwani_Kwetu
Mlinzi anafuma, mwizi anabeba tanki la maji 😂

#24 Kijana_Muhehe
Mwizi akija ananikuta macho, mwenzangu wa redio amelala.

#25 Mtu_wa_Leicester
@Jangwani_Kwetu kule Peru kuna kisiwa cha Taquile, ziwani Titicaca, ambako kufuma kofia ni kazi ya wanaume, wavulana wanafundishwa wangali wadogo. UNESCO wameutambua usanii wao wa nguo tangu 2005. Muache kijana.

#26 FundiSweta
@Kijana_Muhehe uzi uliosokotwa kupita kiasi unapindisha kweli, lakini hasa ukifuma pleni upande wa mbele na peli (kinyume cha pleni) upande wa nyuma, kama mwili wa sweta. Hapo vitanzi vyote vinaelemea upande mmoja. Binti anafuma pleni tupu kwenda na kurudi, kwa hiyo safu moja inaelemea huku, inayofuata inaelemea kule, zinafutana. Na mshazari ni tofauti na ndizi. Mshazari kingo zote zina urefu sawa, kitambaa ndicho kimeegama. Yeye ukingo mmoja ni mfupi kwa sentimita 12.

#27 Kijana_Muhehe
Hapo nimekuelewa. Yangu kingo zilikuwa sawa, kweli.

#28 Kroshia_Forever
Kwa nini mnajitesa na sindano mbili? Kulabu moja, jioni mbili umemaliza, kitanzi kimoja tu ndicho kinaweza kuchomoka.

#29 Kitanzi_Kimoja
Tulikuwa tunakusubiri. Ulichelewa wapi?

#30 Binti_Makete
Nimefanya jaribio, msinicheke.

Nimechagua kipande chenye milia 10. Kabla: kushoto sentimita 20.5, kulia 18.5. Nikachukua mkasi, mkono unatetemeka, nikakata miruko myekundu yote ya kipande hicho. Kila mruko ukiukata unapata ncha mbili za kuficha kwa sindano ya kushonea, yaani ncha 20 kwa kipande tu. Nikakilowesha, nikakitandaza juu ya taulo, nikakiacha usiku kucha.

Asubuhi: kushoto 20.5 ile ile, kulia 19.5.

Kwa hiyo imerudi nusu. Nusu nyingine ipo wapi?

#31 FundiSweta
Safi sana, huyu ndiye mtu wa kumsaidia. Nusu nyingine ni miruko myeupe. Nayo inaruka safu 2 nyekundu. Hukuikata.

#32 Mtu_wa_Leicester
Au kitambaa kimeshazoea. Akriliki ikikaa imebanwa wiki tatu haiachii kwa maji ya baridi usiku mmoja.

#33 Baridi_ya_Kinangop
Ama hiyo 18.5 ulipima vibaya. Kitambaa cha kufuma ukikivuta kidogo tu kinakupatia kipimo unachotaka.

#34 Shangazi_Lushoto
Jamani mimi ni msomaji tu wa siku nyingi, leo nauliza. Binti, kitanzi cha kwanza cha kila safu unakifanyaje? Unakifuma, au unakivusha tu kwenda sindano ya pili bila kukifuma?

#35 Binti_Makete
Shikamoo shangazi. Mama mdogo alinifundisha kukivusha ili ukingo utoke kama msuko wa nywele. Ila nakivusha ninapoanza safu za mbele tu, upande ule wa kulia, kwa sababu huko ndiko nyuzi zinapandia na kulikuwa kubaya. Kushoto nafuma kawaida.

#36 Shangazi_Lushoto
Marahaba mwanangu. Basi kulia una kitanzi kimoja kinachobeba safu mbili, na kushoto kila safu ina kitanzi chake. Kitanzi kimoja hakiwezi kuwa na urefu wa viwili kama mkono unabana. Nusu yako hiyo hapo.

#37 Kitanzi_Kimoja
Shangazi umekuja kimya kimya ukatuzidi wote.

#38 FundiSweta
Shangazi shikamoo. Naomba kupinga kidogo. Pleni tupu kwa asili safu zake zimebanana, mbili zinatengeneza tuta moja. Mimi navusha kitanzi cha kwanza pande zote mbili miaka yote na ukingo unalala vizuri kabisa, kitanzi kimoja kwa tuta moja. Ingekuwa kinabana, skafu zangu zote zingejikunja kingo.

#39 Shangazi_Lushoto
Marahaba. Wewe unavusha pande zote mbili. Kama zinabana, zinabana sawa, huwezi kuona kupinda. Pima kingo zako na katikati, kisha urudi.

#40 FundiSweta
…nitapima.

#41 Mnyama_Damu
FundiSweta kapigwa tobo 😂😂

#42 MzeeWaSpoku
Na sindano zisizolingana bado zipo pale. Nakumbusha tu.

#43 Mtu_wa_Leicester
Wakati tunasubiri vipimo vya Fundi. Skafu ya milia maarufu kuliko zote huku Uingereza ilitokana na kutoelewana. Mwaka 1974 BBC walikuwa wanamtafutia mwigizaji Tom Baker nguo za tamthilia yao ya *Doctor Who*. Mbunifu wa mavazi, James Acheson, akampelekea mfumaji aitwaye Begonia Pope mabonge ya uzi wa rangi mbalimbali achague. Mama wa watu akadhani anatakiwa kuutumia wote, akaufuma wote. Ikatoka skafu inayoburuza chini, Baker akaipenda, wakaiacha hivyo hivyo. Nayo ni pleni tupu, kama ya Binti. Mpaka leo watu wanahesabu safu za kila rangi ili waige.

#44 Jangwani_Kwetu
Kwa hiyo Binti akiuza hiyo ndizi kama ilivyo anaweza kuwa maarufu?

#45 Kroshia_Forever
Ikishazungushwa shingoni nani anaona imepinda? Kwanza shingo ni duara.

#46 Baridi_ya_Kinangop
@Kroshia_Forever hapo kwa mara ya kwanza nakubaliana na wewe.

#47 Sindano_na_Chai
Kuna njia nyingine hamjaisema. Rangi tatu, safu moja moja. Ukimaliza nyekundu upo kushoto, unaanza nyeupe ukitokea kushoto, unaishia kulia, unaanza ya tatu ukitokea kulia, unaishia kushoto, na nyekundu unaikuta pale pale ulipoiacha. Nyuzi zinapanda kingo zote mbili, zikivuta zinavuta kwa haki.

#48 Mnyama_Damu
Simba rangi tatu? Ya tatu ipi? Kuwa makini na jibu.

#49 FundiSweta
Nimepima. Skafu moja ya zamani: kingo 160 na 160.5, katikati 162. Shangazi una hoja, lakini sentimita 2 kwa 160 si sita kwa 140. Labda mkono wangu umelegea kuliko wa Binti. Labda kitu kikivushwa na hapo hapo uzi wa pili unapandishwa juu yake, vinabana kwa pamoja kuliko kila kimoja peke yake. Sijaridhika.

#50 Shangazi_Lushoto
Hata mimi. Afume vipande viwili vidogo: kimoja avushe lakini akate uzi, kingine asivushe lakini apandishe uzi. Vitanzi 20 vinatosha, sentimita 20 kila kimoja. Jioni mbili.

#51 Binti_Makete
Wapendwa nimerudi baada ya wiki mbili. Samahani kwa ukimya, baridi ya huku mnaijua, vidole vilikuwa havikunji.

Nilifumua. Yote. Nilikaa jikoni karibu na moto, mdogo wangu anazungusha bonge mimi navuta, kila mlia unaachia kwa mlio kama mtu anapasua kanga taratibu. Uzi ukatoka umejikunja kama tambi za paketi, nikauosha, nikautundika kwenye kamba na chupa ya maji chini yake mpaka ukanyooka.

Nikaanza upya. Sindano za milimita 5, pacha, nimezipima. Kitanzi cha kwanza nafuma pande zote. Uzi unaosubiri nauzungushia kwenye uzi unaofuma kila baada ya safu 2, naulegeza. Milia ni ile ile, 2 kwa 6.

Nimefika mlia wa 40. Kushoto na kulia zinalingana, tofauti haifiki nusu sentimita. Asanteni sana sana.

#52 MzeeWaSpoku
Sindano pacha. Nilisema.

#53 Shangazi_Lushoto
Hongera mwanangu. Umeacha kuvusha, umeona.

#54 FundiSweta
Hongera, LAKINI Binti! Umebadili vitu vinne kwa mpigo. Sindano nene, sindano pacha, kutokuvusha, na kuzungusha uzi. Sasa tutajuaje ni kipi kilikuwa kinapindisha?

#55 Binti_Makete
Fundi, mimi nina mteja, sina maabara 😂

#56 Kitanzi_Kimoja
Vile vipande viwili vya Shangazi kuna aliyevifuma?

#57 Kijana_Muhehe
Nimeanza kimoja zamuni jana. Niliishia safu ya 30, bosi akapita.

#58 Binti_Makete
Na kingine cha kuwaambia. Mteja alikuja kuchungulia, akaona ile ya kwanza kwenye picha za simu, akasema ile iliyopinda ilikuwa inakaa vizuri zaidi begani. Nikanyamaza tu.

Halafu ameongeza oda ya pili, ya mke wake. Kijani na njano.

#59 Jangwani_Kwetu
NYUMBANI KWAO KUNA MTU MZIMA 😂😂😂 Njano unayo au nikutumie?